Mbinu ya "miraba miwili unganisha kona" inawaharibu watoto wanaojifunza kuchora 3D. Nani anabisha?

#1 Raba Mfukoni (mtoa mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina hoja na nina swali. Hoja: ile mbinu tuliyofundishwa wengi wetu, unachora mraba, unachora mwingine umesogea kidogo juu kulia, halafu unaunganisha kona kwa kona, haimfundishi mtoto kuchora kitu cha 3D. Inamkaririsha hatua tu. Mwambie huyohuyo achore boksi lililogeuzwa upande mwingine, au boksi refu linalotazamwa kutoka juu, anabaki kukukodolea macho.

Nafundisha kuchora watoto wa miaka 7 hadi 10. Nikiweka boksi mezani nikasema "chora unachokiona", michoro inayorudi ni ya aina tatu. Wapo wanaochora mraba mmoja, wamemaliza, wanaomba kwenda kucheza. Wapo wanaochora mraba, wakabandika mwingine juu yake na mwingine ubavuni, yaani boksi limepasuliwa likatandazwa. Halafu wapo waliokwisha kufundishwa miraba miwili. Hawa wanachora kingo zote 12 mpaka zile za nyuma, wakati boksi langu ni la karatasi ngumu, halipitishi hata mwanga. Na hawajaliangalia. Wameinamisha kichwa tangu mwanzo.

Swali: nyie mnaanzia wapi? Mnamsubiri mtoto akue, mnampa mbinu, au kuna njia ya kati?

#2 Jicho Kavu

Nimekaa pale, ngoja waje wenye fani.

#3 Mzee wa Rula

Mtoa mada unatafuta ugomvi na watu wazima. Hiyo unayoiita mbinu ni mchoro wa mshazari, una kanuni zake. Uso wa mbele unabaki na vipimo vyake halisi, kina kinakwenda kwa mshazari, mara nyingi nyuzi 45. Mafundi wa samani wameutumia miaka nenda miaka rudi.

Kosa ni kuufundisha nusunusu. Hawamwambii mtoto kwamba kina kikichorwa kwa urefu wake wote, boksi linaonekana limevutwa kwenda nyuma. Kikate nusu. Mchemraba wa sm 4, uso wa mbele weka sm 4 kwa 4, mistari ya mshazari weka sm 2. Akijua hilo tu, mchemraba unaonekana mchemraba. Na ile mistari ya nyuma asiyoiona, afute. Raba si unayo mfukoni?

#4 Mama Mapacha

Mimi si mwalimu ila ushahidi ninao ndani ya nyumba. Mapacha, miaka 8, darasa moja, mwalimu mmoja. Mmoja ukimpa boksi analitandaza kama alivyoeleza mtoa mada, kila upande mraba kamili. Mwenzake anaichora mistari ya ubavu imelala vizuri na hakuna aliyemfundisha. Tofauti yao ninayoiona mimi ni kwamba huyu wa pili anashinda kwenye mchezo wa kompyuta wa kujenga majengo kwa matofali, anayazungusha kila upande. Nadhani ni macho kuzoea tu.

#5 Chaki Nyeupe

@Mama Mapacha, huyo anayetandaza usimhesabu kuwa yuko nyuma. Pengine analijua boksi kuliko mwenzake.

Fanyeni hesabu hii. Kila uso wa mchemraba una pembe za nyuzi 90, na kila kona zinakutana nyuso tatu. 90 mara tatu ni 270. Lakini kuzunguka nukta yoyote kwenye karatasi kuna nyuzi 360. Kwa hiyo ukiziheshimu pembe zote, ukabandika miraba mitatu kwenye kona moja, inabaki nafasi ya nyuzi 90 haina mwenyewe.

Mtoto anaiona hiyo nafasi! Nimewaona darasani penseli inasimama hapohapo, kati ya mraba wa juu na ule wa ubavuni. Anatazama boksi, anatazama karatasi. Kwenye boksi zile kingo mbili zimeshikana, kwake zimeachana. Mwingine anaziba kwa kipande cha mstari wa mshazari, basi, pengo limefungwa. Mwingine anaunyoosha mraba wa juu ukafike ubavuni, uso wa juu unatoka mkubwa kuliko boksi zima. Mwingine anafuta yote na kuchora mraba mmoja.

Somo la 3D liko kwenye pengo hilo. Asipokubali kwamba mraba lazima upindishwe ili kwenye karatasi uonekane mraba, hata ukimpa mbinu kumi ataziimba tu.

#6 Jicho Kavu

Nimekuja kusoma habari za kuchora nimekutana na hesabu. Nani kaniita huku?

#7 Msomaji wa Usiku

Hili la Chaki Nyeupe lina umri. Mfaransa Georges-Henri Luquet aliliandika tangu 1927: mtoto mdogo huchora anachokijua kuhusu kitu, si kile kinachoonekana kutoka alipokaa.

Mwaka 1972 watafiti Freeman na Janikoun wakalipima kwa kikombe. Kikombe kina kishikio, na upande mmoja kimechorwa ua. Kikageuzwa hadi kishikio kisionekane kutoka alipo mtoto, ua likabaki mbele ya macho yake. Wadogo walichora kishikio ambacho hawakioni, ua ambalo wanaliona wakaliacha. Na hali hiyo inaendelea hadi miaka 12. Kwa hiyo mtoa mada unapigana na umri, si na mbinu.

#8 Kona Tatu

Kwa hiyo tukae tusubiri? Kuna watu wamesubiriwa hadi wana ndevu, maboksi yao bado bapa.

#9 Daftari Kuukuu

@Msomaji wa Usiku, hiyo miaka 12 ya #7 iondoe. Watoto wa lile jaribio walikuwa wa miaka 5 hadi 9, na mabadiliko yalionekana kwenye miaka 8 hivi. Hapo ndipo walianza kuacha kishikio na kuchora ua.

Tena, mtoto kuchora anachokijua si kwamba macho yake hayaoni. Amri uliyompa nayo ina mchango. Ukisema "chora kikombe", atakuchorea kikombe, na kwake kikombe bila kishikio ni kitu kingine. Ametii. Mpe sababu ya kuchora kutoka pale alipokaa ndipo useme hawezi. Mfano mwambie mwenzake ataangalia mchoro kisha atafute ulichorwa kutoka kiti gani.

#10 Msomaji wa Usiku

Shukrani mkuu, iwe miaka 8. Umri bado umo.

#11 Mama Mapacha

Jaribio la kikombe limefanyika hapa kwangu, kazi za shule zimewekwa kando. Anayetandaza maboksi amechora kishikio. Namuuliza unakiona? Ananijibu, "Sikioni, ila kipo." Mwenzake kwanza kauliza, "Nichore kutoka hapa au kutoka kule?" Nikasema hapo ulipo. Naye akachora kishikio! Kadogo, kanachungulia pembeni.

Sasa sielewi ule mchezo wa kompyuta umemfundisha nini.

#12 Chaki Nyeupe

"Sikioni, ila kipo." Huyo mtoto msimguse kabisa.

#13 Kona Tatu

Mnazunguka mbuyu. Dawa ni karatasi ya nukta za isometriki. Nukta zimepangwa kwa pembetatu zilizo sawa pande zote, na kila ukingo wa mchemraba unakwenda wima, au nyuzi 30 kutoka mlalo kwenda kulia, au nyuzi 30 kwenda kushoto. Basi. Ile kona ya mbele iliyomtesa Chaki Nyeupe inagawanyika 120, 120 na 120, jumla 360, pengo hakuna. Kina hakikatwi nusu, kila ukingo unahesabu nukta zilezile.

Wala si jambo la juzi, William Farish wa Cambridge aliueleza mfumo huu mwaka 1822, akiutumia kuonyesha jinsi mashine zinavyoungwa. Anza na mchemraba mmoja, kisha miwili iliyobebana, kisha ngazi. Mtoto akifika kwenye ngazi hutamtoa hapo, atataka ghorofa. Na kingo za nyuma wazichore kwa vitone ili wajue kilichojificha.

#14 Mzee wa Rula

Ulienda vizuri hadi sentensi ya mwisho. Kwenye isometriki kona ya nyuma ya mchemraba inaangukia nukta ileile ya kona ya mbele. Chukua penseli uone. Umbo la nje ni pembesita, katikati kuna nukta moja, mistari mitatu inayoonekana inatoka hapo. Sasa ongeza ile mitatu ya nyuma. Nayo inakuja nukta hiyohiyo, inaingia kwenye nafasi zilizobaki. Umepata pembesita iliyokatwa pembetatu sita, mchemraba umeyeyuka. Mtoto atakuuliza boksi limeenda wapi na hutakuwa na jibu.

Kama ni kuonyesha kilichojificha, rudini kwenye mshazari wangu. Halafu mjue, isometriki ya kweli inafupisha kingo hadi kama 0.816 ya urefu wake. Tunachora urefu kamili kwa sababu ni rahisi, ndiyo maana mchoro unatoka mkubwa kidogo.

#15 Kona Tatu

Vitone nimevifuta. Mshazari siufuati.

#16 Msomaji wa Usiku

Kuna jaribio jingine linamgusa mtoa mada moja kwa moja. Phillips, Hobbs na Pratt, 1978. Watoto wa miaka 7 na 9 waliambiwa wanakili mchoro wa mchemraba. Si boksi, ni mchoro, mistari tayari iko kwenye karatasi mbele yao. Wakapewa pia michoro ya mistari inayofanana na hiyo lakini haisomeki kuwa kitu chenye kina. Hii ya pili waliinakili vizuri kuliko mchemraba.

Yaani wakishautambua kuwa ni mchemraba tu, mkono unarudi kwenye miraba. Mwalimu anayechora ubaoni akasema "haya, nakilini mchemraba huu" ameshawatega.

#17 Raba Mfukoni (mtoa mada)

Nilisoma #16 nikaenda nayo darasani. Sikutaja boksi wala mchemraba. Nikasema chora msambamba (yaani umbo kama mraba uliosukumwa ubavuni) umeinamia kulia. Wakachora. Chini yake chora mraba, mstari wa juu wa mraba uwe ndiyo mstari wa chini wa msambamba. Sawa. Sasa kwenye kona ya kulia ya msambamba, ile ya juu, teremsha mstari wima usimame kabla ya kufika usawa wa chini ya mraba. Kisha uunganishe mwisho wake na kona ya chini kulia ya mraba.

Hapo mmoja akapiga kelele, "Ni boksi!" Darasa zima likaona boksi. Na huyuhuyu aliyepiga kelele, mistari yake ilikuwa safi, akachukua raba akaufuta msambamba na kuchora mraba mahali pake. Nikamuuliza kwa nini umefuta? "Ulikuwa umepinda."

#18 Chaki Nyeupe

Siongezi neno.

#19 Brashi Pana

Nyie wote mmeshikilia mistari. Duniani hakuna mistari, kuna mwanga na kivuli. Weka taa upande mmoja, nyingine zima. Nyuso tatu zinazoonekana zinagawana kazi: mmoja unang'aa, mmoja wa kati, mmoja giza. Mpe mtoto penseli laini, 4B inatosha, apake viwango vitatu. Hata umbo likiwa limekosewa kidogo, picha inasimama na mtoto anafurahi. Leonardo da Vinci aliyegundua pespektivu, yaani kuchora vitu vya mbali vikipungua kama jicho linavyoviona, alilijua hili, ndiyo maana vivuli vyake vinaongea.

#20 Daftari Kuukuu

Leonardo alizaliwa 1452. Msanifu majengo Brunelleschi alikuwa ameshaionyesha pespektivu pale Florence kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 15, na mwandishi Alberti akaandika kanuni zake mwaka 1435. Leonardo aliikuta.

#21 Brashi Pana

Aliikuta, haya. Kivuli bado ni changu.

#22 Mzee wa Rula

Boksi lililotandazwa ukilipaka kivuli, linakuwa boksi lililotandazwa lenye kivuli. Wa kwangu wanapaka vizuri mno, nyuso tatu, viwango vitatu, zote miraba. Kivuli kinamsaidia aliyekwisha kupata umbo.

#23 Dirisha Wazi

Mnabishana mifumo, mimi namkalisha mtoto mbele ya kioo cha dirisha au plastiki angavu iliyosimamishwa. Boksi liko upande wa pili. Jicho moja anafumba, anashika kalamu ya kufutika, anafuata kingo juu ya kioo. Albrecht Dürer alichapisha mwaka 1525 picha za mchoraji akifanya hivyohivyo, kwa hiyo mtoto yuko kwenye safu nzuri.

Akimaliza mpe rula apime. Ule uso wa juu anaoujua kuwa mraba, kwenye kioo ni kijiumbo chembamba cha pande nne, kimo chake pengine robo ya upana. Anapima tena kwa kutoamini. Hakuna mtu aliyemwambia, mkono wake mwenyewe ndio umechora.

#24 Chaki Nyeupe

@Dirisha Wazi nakubali, ila waambie na shida zake. Kichwa kisitikisike hata kidogo. Akifumbua jicho la pili kuna maboksi mawili. Akisogea kushoto, mistari aliyokwisha kuchora inakataa kukaa juu ya boksi na anadhani ameharibu. Kidevu kiegemee kitu, rundo la vitabu linatosha. Na kioo kiwe karibu, mkono ufike bila kunyoosha mwili, la sivyo kila mstari anauchora kichwa kikiwa mahali pengine.

Tena ukimwondoa kwenye kioo ukampa karatasi, wengi wanarudia miraba. Kioo kinamwonyesha kwamba mraba unapinda, hakimwonyeshi namna ya kuupinda mwenyewe.

#25 Dirisha Wazi

Wa kwangu hawarudii wote.

#26 Chaki Nyeupe

Ndiyo maana nimesema wengi.

#27 Bikari Butu

Samahani nawatoa nje kidogo. Maboksi tumewaelewa, mbona makopo hamyagusi? Mwanangu ana miaka 9. Juu ya kopo anachora duaradufu (duara lililobanwa) zuri, mistari miwili ya pembeni imenyooka, halafu chini anapiga mstari wa rula. Bapa. Nimemwekea kopo lenyewe puani. Anakubali, anafuta, anachora upinde. Kesho anarudi kwenye mstari.

#28 Daftari Kuukuu

Kopo limesimama juu ya meza na meza ni bapa. Kwa akili yake, chini kukiwa na upinde kopo litayumba. Analisimamisha.

#29 Kona Tatu

Mimi sioni hivyo. Juu anauona mdomo mzima wa kopo, duara kamili, ana kitu cha kuchora. Chini anaona ukingo wa mbele tu, nusu ya nyuma imefichwa na kopo lenyewe. Nusu duara si kitu anachokijua. Kwa hiyo anafunga tu umbo kwa njia fupi.

#30 Brashi Pana

Ni mpangilio wa kazi. Chini anachora mwisho, hamu imeisha. Mwanze chini. Achore maduaradufu mawili kamili, moja juu moja chini, kwa mkono mwepesi, aunganishe pembeni, kisha afute nusu ya nyuma ya lile la chini.

#31 Bikari Butu

Nimempa bilauri ya kioo badala ya kopo. Anaona hadi chini, duara lote. Kachora upinde bila kuambiwa. Nikarudisha kopo la bati, mstari wa rula ukarudi.

#32 Kona Tatu

#31 inasema nilichosema #29.

#33 Daftari Kuukuu

Bilauri nayo imesimama mezani kama kopo, na hajaogopa kuyumba. Sawa, hapo una nguvu. Ila kesho tena yule mtoto atafuta upinde wa kopo, na duara la chini la bilauri ameshaliona. Kwa nini asilikumbuke?

#34 Jicho Kavu

Ngoja kwanza. Post #1 mtoa mada analalamika watoto wanachora maboksi yanayopitisha macho. Sasa mnamtibu mtoto kwa bilauri inayopitisha macho na maduara ya nyuma yanayochorwa kisha yanafutwa. Mzee wa Rula alisema hivyohivyo kwenye #3 mkamrukia.

#35 Mzee wa Rula

Mwacheni aseme.

#36 Raba Mfukoni (mtoa mada)

@Jicho Kavu, tofauti ni kwamba bilauri inatazamwa. Malalamiko yangu ni mtoto kuchora huku ameinamisha kichwa. Ila nimekusikia.

#37 Dirisha Wazi

Kuhusu maduaradufu yenyewe: angalieni pembeni. Watoto wengi wanapiga pinde mbili zinazokutana, zinaacha kona mbili kali kushoto na kulia. Duaradufu halina kona. Hata likiwa jembamba kiasi gani, pale pembeni linageuka kwa mviringo. Mwambie azungushe penseli hewani kwanza, bega likizunguka na si vidole, kisha aiteremshe karatasini ikiendelea kuzunguka juu ya njia ileile.

Halafu mshikishe kifuniko. Kikiwa usawa wa jicho ni mstari. Kishushe, kinafunguka. Kiweke chini kabisa ukitazame kwa juu, ni duara. Hapohapo anagundua kwamba duara la chini la kopo linaonekana nene kuliko la juu, maana liko chini zaidi ya jicho.

#38 Mzee wa Rula

Kwenye isometriki na kwenye mshazari maduara ya juu na chini ni sawasawa. Usimchanganye mtoto.

#39 Dirisha Wazi

Kwenye karatasi yako ni sawasawa. Kwenye jicho lake si sawasawa.

#40 Mzee wa Rula

Fundi anafuata karatasi.

#41 Nyuso Sita

Nimechelewa, nimesoma uzi wote. Mimi nafundisha hisabati na naomba mtuache na mistari yetu ya nyuma. Nikimwambia mtoto ahesabu nyuso 6, kingo 12 na vipeo (kona) 8 kwenye mchoro unaoonyesha nyuso tatu tu, anahesabu kingo 9 na vipeo 7, na yuko sahihi kwa anachokiona. Halafu vipeo kutoa kingo kujumlisha nyuso, ile kanuni ya Euler, inagoma kutoa 2. Kwangu mchemraba unaopitisha macho ndio wenye kazi. Mtoto akitaka sanaa atakuja kwenu.

Na huo mchoro una raha yake. Mwambie mtoto akazie macho mchemraba wenye kingo zote 12, mistari unene mmoja. Ghafla uso wa mbele unakuwa wa nyuma, kisha unarudi. Louis Albert Necker wa Uswisi aliliandika hilo mwaka 1832, aliligundua akiangalia michoro ya fuwele. Watoto wangu wanagombana nani kaona upi kwanza. Baada ya hapo kuwaeleza kwa nini mistari ya nyuma inawekwa vitone ni kazi ya dakika moja.

#42 Kona Tatu

Mwalimu, kama ni kuhesabu si umpe boksi mkononi? Abandike alama kila kona.

#43 Nyuso Sita

Anapewa. Tena analikunjua na kulikunja. Ila mtihani hauji na boksi, unakuja na mchoro.

#44 Chaki Nyeupe

@Nyuso Sita, yule "sikioni, ila kipo" wa Mama Mapacha ni mwanafunzi wako huyo.

#45 Mama Mapacha

Namleta lini?

Halafu nawapa taarifa: nimewafanyia lile la #9, mmoja achore, mwingine atafute kiti. Anayetandaza kachora boksi, mara hii uso wa juu kaupinda kidogo. Hakupinda sana. Mwenzake akakaa kiti kisichokuwa chenyewe, wakagombana, mchoro ukachanwa.

#46 Daftari Kuukuu

Kaupinda. Hayo ndiyo matokeo, mama. Kugombana ni nyongeza.

#47 Jicho Kavu

Swali la mwisho kabla sijalala. Mpira je? Mimi naweza, ni duara. 3D imekwisha.

#48 Brashi Pana

Nilikuwa nalisubiri hili. Chukueni rula zenu, chukueni karatasi za nukta, mnichoree tufe. Duara la tufe na duara la sahani ni mstari mmoja, hakuna pembe ya kupinda. Hapa mtanijia kwa miguu yenu: sehemu inayopigwa na mwanga, giza linaloingia polepole, kale kamwanga hafifu kanakorudi kutoka mezani ukingoni kabisa, na kivuli kinachoanguka chini. Mtoto akipaka giza hadi ukingoni, mpira unakuwa sahani yenye uchafu. Akiacha kale kamwanga, unaviringa.

#49 Kona Tatu

Nachora duaradufu moja katikati, ukingo wa mbele mstari kamili, wa nyuma vitone. Tufe limekamilika, penseli moja, bila taa.

#50 Brashi Pana

Hilo ni tufe lililovaa mkanda.

#51 Nyuso Sita

Kwenye vitabu vya hisabati ndivyo linavyovaa, na watoto wanalisoma vizuri tu.

#52 Raba Mfukoni (mtoa mada)

Nashukuru wakuu, nina ya kujaribu mengi. Kimoja kinanisumbua bado: umbo la pia, lile la chini duara na juu ncha. Wanachora duaradufu chini, nukta juu, halafu wanaunganisha nukta na zile sehemu mbili pana kabisa za duaradufu. Kuna kitu kinakaa vibaya pembeni, kama kona zimejitokeza, na siwezi kuwaambia ni nini.

#53 Mzee wa Rula

Mistari inakata duaradufu badala ya kuligusa. Kutoka nukta ya juu, weka rula ishuke hadi iguse tu ukingo wa duaradufu bila kuingia ndani. Utaona inagusa juu kidogo ya pale palipo pana. Pia fupi, inagusa juu zaidi. Pia ndefu sana, karibu na pale pana penyewe. Mtoto asipime, atelezeshe rula mpaka ikae.

#54 Bikari Butu

Imekubali! Na pia ikilala ubavu?

#55 Mzee wa Rula

Fungua uzi wako.